Pesa za Mama Zilizokataliwa

Gerezani, 4 Machi

Dada,

Karatasi hii nimepewa na mhubiri anayekuja kutuombea Jumapili. Anabeba barua zetu mfukoni mwake na hazifungui, kwa hiyo nitakuandikia kama ninavyoongea, na wewe niandikie hivyo hivyo.

Usije huku. Ni mbali, nauli yake ni kodi yako ya mwezi, na sina la kukuonyesha ila kichwa kilichonyolewa ovyo. Nimepangiwa kazi ya kujenga ukuta wa nje. Ukiweza kucheka, cheka: mwashi amefungwa, na kazi aliyopewa ni kujiongezea ukuta.

Hakimu aliniuliza kama najuta. Nilimwambia naujutia ule mlango wa kioo, maana kioo hakikumkosea mtu. Nadhani hapo ndipo nilipojiongezea miezi. Lakini kila nikishika nyundo naliona lile duka la dawa. Naona kibandiko chao mlangoni, HATUPOKEI PESA TASLIMU, LIPA KWA SIMU AU KADI. Namwona Mama amesimama mbele ya kaunta na noti zake kwenye leso, kifua kinapiga filimbi, na pampu yake ya pumu iko pale rafuni, mtu akinyoosha mkono anaifikia. Anarudishwa. Anakuja hadi nyumbani bila dawa, anatudanganya kwamba amesahau kuinunua, na kulipokucha hatuna mama.

Muuza magazeti alikuwa pale mlangoni. Ameniapia neno kwa neno kile alichosema yule binti wa kaunta: "Bibi, usinichoshe. Nenda kamlete mwenye simu." Akampungia mkono, hivi, kama unavyofukuza kuku jikoni.

Nilipoingia na nyundo, binti alikuwa palepale. Nilivunja kaunta, nikavunja mashine yao ya kadi, nikavunja na kabati la manukato. Yeye sikumgusa. Sijui kwa nini, na hilo ndilo linalonitafuna. Ana kidoti cheusi kidevuni na kucha amezipaka rangi ya kijani. Mtafute, Dada. Nataka kujua anaishi wapi na anafanya nini sasa. Usiniulize ya nini.

Mdogo wako


Nyumbani, 19 Machi

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa na pini mdomoni, nusura nizimeze. Mimi mzima. Cherehani nzima. Nyumba imekuwa kubwa ghafla, na hicho ni kitu ambacho sikuwahi kudhani nitakisema kuhusu vyumba viwili.

Huyo binti mwache kwanza. Tuongee kama watu wazima.

Siku ile mimi nilikuwa shuleni kupeleka sare, na wewe ulikuwa juu ya jengo la watu. Simu zetu ndizo zilizokuwa zikimlipia Mama, na zote mbili hazikuwepo. Unakumbuka tulivyompeleka kusajili laini yake? Miaka yote aliyofulia watu nguo, sabuni ilikuwa imemla ngozi ya vidole. Mashine ikamkataa, wakamfuta vidole kwa kitambaa, ikamkataa tena. Yule kijana akamwambia, "Mama, wewe huna alama." Naye akajibu, "Alama zangu ziko kwenye mashati ya watu." Tulicheka njia nzima. Kumbe kicheko kile kilikuwa na bei. Asiye na alama hana laini, asiye na laini hana pesa za simu, na asiye na pesa za simu, kwa mujibu wa Kapsuli, hana pumu.

Kapsuli ndiye nitakayemshughulikia. Mtaa umempa jina hilo kwa sababu anang'aa nje, na ndani ni unga mchungu. Duka ni lake, kibandiko ni chake, amri ni yake. Binti alikuwa mdomo tu, na mdomo ulitumwa. Mbwa akikuuma unamuuliza mwenye mbwa.

Sasa sikia. Diwani wetu, yule mama mwenye sauti ya kengele, amepeleka hoja ya sheria ndogo kwenye halmashauri: kila duka la dawa na la chakula lilazimishwe kupokea pesa taslimu. Anatafuta watu wa kusaini na wa kwenda kusema mbele ya baraza. Nimemwambia nitamletea mtaa mzima.

Usidhani nimegeuka mwema. Sifanyi hivi kwa ajili ya haki za watu, ingawa hivyo ndivyo ninavyowaambia mlangoni kwao. Nataka Kapsuli anyooshe mkono apokee noti iliyolowa jasho la mtu, aseme asante, kesho tena, keshokutwa tena, kwa amri, hadi azeeke. Akikataa, faini. Akirudia, leseni. Yule mwanamume anaogopa kupoteza leseni kuliko anavyoogopa kaburi. Nataka kila sarafu itakayogonga kaunta yake imgonge yeye.

Kula vizuri. Usibishane na watu.

Dada yako


Gerezani, 2 Aprili

Dada,

Nimeisoma. Sheria ndogo! Mimi nimelala sakafuni kwa sababu ya sheria kubwa, na wewe unakwenda kuomba ndogo. Kapsuli ataajiri wakili, wakili atavaa tai, madiwani watakunywa chai, na utarudi nyumbani na saini zako ukafungie vitumbua. Watu wa aina yetu sheria hutukuta tukiwa tumekosa, haitukuti tukiwa tumekosewa.

Halafu unasema mdomo ulitumwa. Kapsuli alimtuma kukataa pesa. Hakumtuma kumpungia mama yetu mkono kama kuku. Hilo alilitoa tumboni mwake mwenyewe. Ungekuwa wewe, ungeyatamka maneno yale kwa mzee anayehema? Basi.

Nimepata rafiki. Tunalala ubavu kwa ubavu, kwa hiyo namwita Jirani. Ni mtu mpole, anashona vifungo vyake mwenyewe, ungempenda. Alikuwa mchinjaji kabla ya mambo yake. Nimemsimulia habari za Mama na akalia, Dada, mtu mzima yule akalia, kwa sababu mama yake naye alikuwa dobi. Kifungo chake kinaisha kabla ya changu.

Umempata yule binti? Kidoti kidevuni. Mtaa wetu si mkubwa kiasi hicho.

Mdogo wako


Nyumbani, 21 Aprili

Mdogo wangu,

Binti sijampata. Wanasema aliachishwa kazi wiki ile ile ya vurugu zako na akahamia kwa ndugu zake, hakuna anayejua wapi. Sahau.

Nina habari tamu zaidi. Saini zinaingia kama mvua. Nilidhani ni wazee tu watakaosaini, kumbe kidonda hiki kila mtu anacho na alikuwa amekifunika. Muuza magazeti amesaini; mwenye mkate naye alikuwa ameanza kukataa sarafu, hadi yeye akawa hawezi kununua mkate kwa pesa aliyopata kwa kuuza gazeti. Mzee kipofu wa nyumba ya kona amesaini kwa dole gumba. Anasema noti anaijua kwa kuipapasa, hakuna wa kumdanganya, lakini simu inabidi ampe mtu amsomee, na aliyemsomea mara ya mwisho alijisomea na namba yake ya siri, akajitumia pesa. Yuko mama mmoja ambaye mumewe huchungulia kila shilingi inayotoka kwenye simu yake. Alisaini haraka na kuniomba kalamu nisiiache mezani.

Kapsuli amesikia. Kwanza alimtuma mtu aniambie kwamba duka lake liliwahi kuvamiwa, kwamba pesa kwenye droo huita majambazi. Inaweza kuwa kweli. Sikujali. Kisha simu yangu ikalia: ameniingizia pesa, na ujumbe, "Rambirambi." Miezi yote hii ndiyo amekumbuka msiba! Nikazirudisha zote. Nikamwandikia: kwetu rambirambi huletwa kwa mkono.

Alikuja. Siku ya Jumamosi mchana, mtaa mzima upo barazani, Kapsuli na viatu vyake vinavyong'aa anaruka madimbwi. Akakaa kwenye kiti cha Mama, bila kujua. Akatoa bahasha nene, akaiweka juu ya cherehani, akasema, "Mama, maji yakimwagika hayazoleki. Tuyamalize." Nikaitazama ile bahasha. Nikamwambia, "Pole, ndugu. Hapa hatupokei pesa taslimu."

Ungemwona! Aliirudisha bahasha mfukoni, ikakataa kuingia, ikabidi aishike mkononi njia nzima, mbele ya watu wote. Nilikaa mlangoni nikamsindikiza kwa macho hadi akakata kona. Watasema kisasi hakishibishi. Mdogo wangu, siku ile nilikula nikashiba na nikalala kama mtoto.

Baraza linakaa mwezi wa sita. Kazi ya sare imezidi, nimechukua mwanagenzi wa kunisaidia vifungo na pindo. Ana mkono mwepesi.

Dada yako


Gerezani, 6 Mei

Dada,

Ile bahasha imenichekesha hadi askari akaja kuuliza kuna nini. Nilimsimulia Jirani, akasema wewe ungefaa kuwa mchinjaji.

Kuhusu yule binti, usihangaike tena. Nimepata njia nyingine. Muuza magazeti aliniandikia salamu na ndani yake kulikuwa na jambo ambalo nadhani wewe hulijui. Au unalijua. Sitaki kuuliza, kwa sababu nikiuliza utanijibu, na nataka kuendelea kukupenda kama ninavyokupenda leo.

Jirani ametoka jana. Analala kitanda chenye mto sasa, mwenye bahati.

Mdogo wako


Nyumbani, 15 Mei

Mdogo wangu,

Njia gani?

Nimeisoma barua yako mara nyingi na kila mara ile "njia nyingine" inanipanda mgongoni kama siafu. Basi nitakwambia, na ukasirike ukiwa unajua ukweli wote, si nusu aliyokupa muuza magazeti.

Binti yuko kwangu. Mwanagenzi ndiye yeye. Nilikudanganya.

Nilimpata mwezi wa nne mwanzoni, anauza maji ya chupa kituo cha mabasi. Kidoti kile. Usidhani nilimchukua kwa huruma. Nilimchukua kama unavyookota kisu njiani, ukijua utakihitaji. Kapsuli ana wakili na mimi sina kitu, lakini yeye alikaa ndani ya duka lile. Nilijiambia: nitamlisha, nitamfundisha kushona, na siku ya baraza nitamchomoa nimchome naye Kapsuli kifuani. Wiki ya kwanza sikumpa hata jina. Nilikuwa nasema "wewe". Nilimpa kitanda cha Mama ili akilala akumbuke ni cha nani.

Maneno aliyasema. Hakukana. Nilimuuliza siku ya kwanza, akaacha sindano, akasema, "Niliyasema. Na mkono niliupunga." Akasema kabla ya hapo aliwahi kumlipia mzee mwingine kwa simu yake mwenyewe, akapokea noti za yule mzee. Kapsuli aliona kwenye kamera, akasema huo ni wizi wa kuingia mlango wa nyuma, akamkata mshahara na kumwonya. Siku ya Mama, kamera ilikuwa juu ya kichwa chake, foleni ndefu, na yeye aliogopa. "Nikiogopa nakuwa mkali," ndivyo alivyosema. "Nilitaka aondoke upesi ili nisimwonee huruma."

Sikumsamehe, na hajaniomba. Lakini tunakula sahani moja sasa, na juzi nimejikuta namwita mwanangu. Ulimi ulitereza. Nimeuacha huko huko ulikoterezea.

Ukiwa umemtuma mtu, mrudishe. Sikuombi. Nakuambia kama dada yako mkubwa niliyekubeba mgongoni. Mrudishe.

Dada yako


Gerezani, 24 Mei

Dada,

Mhubiri alikuwa mgonjwa, barua yako imekaa kwake siku zote hizo. Ameniletea sasa hivi na nimemwomba asimame hapa hapa mlangoni nimalize kuandika.

Nilimtuma Jirani. Muuza magazeti aliniambia binti anashona kwako, na mimi nikadhani umenisaliti, kwamba umemuuza Mama kwa mtu wa kukushikia vifungo. Sikumwambia aue, naapa kwa kaburi la Mama. Nilimwambia mkono. Ule aliompungia Mama. Nilimwambia asikuguse wewe, asubiri utoke.

Nimemwandikia pia kwa anwani ya mama yake. Sijui kama anaishi huko. Dada, usitoke nyumbani. Usimwache peke yake. Ni mtu mnene kidogo, mpole wa maneno, hana jino la mbele. Akija na nguo ya kushona usimfungulie.

Nisamehe nikija. Sasa hivi funga mlango.

Mdogo wako


Nyumbani, 1 Juni

Barua yako imefika. Yeye alifika kwanza.

Alikuja asubuhi na suruali iliyochanika mfuko. Mpole, kama ulivyosema. Aliniita mama. Alisifu mkono wangu wa pindo. Uzi wa bluu ulikuwa umeniishia, nikatoka kwenda kununua, duka la tatu tu kutoka hapa, na duka hilo linapokea sarafu kwa hiyo sikukawia. Niliporudi, suruali ilikuwa bado mezani na yeye hayupo.

Alitumia pasi yangu. Ile nzito ya makaa, ya Mama. Sitakuandikia zaidi. Umeomba mkono, umepata mkono.

Binti alipoamka hospitali neno la kwanza aliniuliza kama sare zimekwisha.

Mimi nilikuwa na kisasi kimoja, na kilikuwa na anwani moja. Sasa nimekigawanya, na kipande kikubwa ni chako. Kapsuli alimkatalia Mama kwa sababu ya droo yake. Wewe ulikitumia kifo chake kama kibali, ukamtuma mtu usiyemjua aingie ndani ya nyumba ambamo Mama alikulelea, akachukue chombo chake mwenyewe alichopigia pasi nguo tukapata kula. Muuza magazeti nimemfukuza mbele ya watu, hatapita mtaa huu tena. Wewe sina namna ya kukufukuza, kwa hiyo nafanya ninachoweza. Usiniandikie.


Gerezani, 12 Juni

Dada,

Nimesikia ulivyosema na bado naandika. Niambie tu anaendeleaje. Mstari mmoja. Niko tayari kusema kila kitu kwa mkuu wa gereza, waniongezee wanachotaka. Sema neno nitakwenda.

Mdogo wako


Gerezani, 3 Julai

Dada,

Mhubiri anakuja mikono mitupu kila wiki na mimi namtazama mikono tu. Ukuta umekamilika. Wamenipunguzia kwa kazi nzuri, nitatoka kabla ya mwaka kwisha. Sijui nitakwenda wapi nikitoka. Baraza lilikuwaje? Kapsuli aliponyoka?

Nijibu hata kwa matusi.

Mdogo wako


Nyumbani, 20 Julai

Kwa ndugu wa Dada,

Usishangae mwandiko. Natumia mkono wa kushoto na bado najifunza, kwa hiyo hii imenichukua siku kadhaa.

Barua zako mbili ziko hapa. Dada alizitupa kabatini bila kuzifungua. Mimi nimezifungua. Siombi radhi.

Umeuliza baraza lilikuwaje. Nitakwambia, maana nilikuwepo na wewe ndiye uliyeniandalia kiti cha mbele.

Dada alitaka nisiende. Alisema atasema yeye. Nilimwambia nimekaa mezani kwake miezi miwili nikilishwa kama kuku wa sherehe, nijue basi sherehe yenyewe. Aliona haya, kisha akanishonea blauzi yenye mkono mmoja mpana, ili bandeji ipite.

Ukumbi ulijaa. Kapsuli alisimama kwanza, amevaa tai. Hakusema uongo. Alisema duka lilivamiwa mara mbili, kwamba mfanyakazi aliyenitangulia alielekezewa bunduki usoni na mpaka leo akisikia mlango unagongwa anajikojolea. Akasema, "Mimi nalinda watu wangu. Pesa kwenye droo ni damu." Watu waliguna, wengine wakatikisa kichwa, na niliona diwani mmoja mzee anaanza kumwamini. Ningekuwa sijafanya kazi kwake, ningemwamini na mimi.

Wakaniita. Nilisema mimi ni mmoja wa watu aliowalinda. Nikasema alinikata mshahara kwa kumlipia mzee dawa kwa simu yangu. Nikasema angeweza kuweka mlango wa chuma, au sanduku ambalo mfanyakazi hana ufunguo wake kama wanavyofanya wenzake, lakini chuma kinanunuliwa na kibandiko ni bure. Kisha nikamweleza kila mtu habari za mama yenu. Nilisema maneno yale kwa sauti ile ile niliyoyasemea. "Bibi, usinichoshe. Nenda kamlete mwenye simu." Nilitaka kuwaonyesha na jinsi nilivyopunga mkono, ikabidi nitumie wa kushoto.

Wakili wake aliinuka akaniuliza, "Na huo mkono, binti? Tumesikia mtaa wenu una watu wa kuvunja vitu. Ni nani aliyekuumiza?" Alikuwa anajua, au ananusa. Dada alishika kiti. Nikamwambia nilianguka.

Walipiga kura, ikapita. Ile ya diwani mzee ndiyo iliyoamua.

Siku sheria ilipoanza, Dada aliwapanga watu foleni kuanzia mlango wa duka hadi kwa kinyozi, kila mtu na sarafu zake. Mzee kipofu alikuwa wa kwanza. Kapsuli alikaa kaunta mwenyewe kwa sababu vijana wake hawakujua kurudisha chenji. Dada alinunua pamba, ile ndogo kabisa, akatoa noti kubwa kuliko zote, akasubiri chenji yake mkono wazi. Kapsuli alipomaliza akasema asante. Dada akamwambia, "Sijasikia." Akarudia. Watu walicheka. Mimi nilicheka. Nilijisikia vizuri mwili mzima, isipokuwa mahali pamoja.

Sasa nije kwetu wewe na mimi.

Daktari anasema mfupa umeunga vibaya na vidole viwili havitarudi. Sindano siwezi kushika. Dada anasema nitajifunza kwa kushoto, na anakaa nyuma yangu ananishika mkono kama mtoto wa darasa la kwanza. Akidhani nimelala, analia. Halii kwa ajili ya mama yenu tena. Analia kwa ajili yako, na kesho yake anakuwa mkali na kila mtu. Nimemfahamu kwa hilo. Na mimi nikiogopa nakuwa mkali.

Usifikiri nilisema nilianguka kwa ajili ya wema. Ningekutaja, yule wakili angewaambia madiwani kwamba wanaotaka pesa taslimu ni wahuni wanaotuma watu kuvunjana mikono, na hoja ingekufa palepale, na maneno niliyomwambia mama yenu yangebaki ndicho kitu pekee nilichowahi kufanya duniani. Nilikuwa naihitaji ile kura kuliko nilivyohitaji kukuona umefungwa. Hiyo ni sababu ya kwanza.

Ya pili ni hii. Umeandika uko tayari kusema kwa mkuu wa gereza wakuongezee. Usiseme. Nakukataza. Ukikaa humo miaka mingine utaanza kujiona umelipa. Utakuwa na ukuta wako, na mhubiri wako, na majuto yako, na mimi nitakuwa hadithi unayowasimulia wenzako walie. Sitaki kuliliwa na watu wa ubavu wako.

Nataka utoke, na utoke mapema.

Siku hiyo Dada hatakuja langoni, ameapa, na mimi nakijua kiapo chake. Nitakuja mimi. Nauli ninayo, nimeiweka kidogo kidogo kutoka kwenye vifungo. Usitafute mlango wa nyuma. Usilete zawadi uliyoichonga, wala usipige magoti, maana watu watadhani mimi ni mke wako.

Ulinitazama mara moja tu ukiwa na nyundo, ukaniacha, halafu ukamwomba mtu mwingine amalizie. Safari hii utanitazama mwenyewe, mchana, kwa muda nitakaoutaka mimi. Nina mambo ya kukwambia kuhusu asubuhi ile, tangu alipoweka suruali mezani hadi nilipoacha kusikia. Utayasikiliza yote umesimama. Sijui kama mwishoni nitakuambia unifuate nyumbani au la. Sijaamua, na wala sitaamua kabla ya kukuona.

Ila mwenye kuondoka kwanza nitakuwa mimi.

Binti wa kaunta